Kesi ya tochi huanzia barabarani

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu alipigwa tochi, yaani alipimwa mwendo kwa kile kifaa cha askari wa barabarani, njia ya Paje hapa Zanzibar. Anaendesha Noah ya kupakia watalii, na siku ile alikuwa na wageni wanne na mabegi yao. Askari alimsimamisha, akamwambia spidi yake ni 78, na kibao alichokipita kinasema 50. Shemeji anaapa kuwa mshale wake ulikuwa kwenye 55. Aliandikiwa, akapewa karatasi yake, akawafikisha wageni, na baada ya Isha akaja barazani kwetu akaiweka ile karatasi katikati ya vikombe vya kahawa. "Nilipe yaishe, au niende mahakamani?"

Majibu yalikuwa tayari hata kahawa haijapoa. Wazee walisema alipe, asijitafutie safari za mahakamani kwa jambo la kumalizika siku moja. Vijana walisema asikubali, kwani tochi zenyewe nani anajua kama zinasema kweli. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si wakili, lakini niliomba nafasi niseme, kwa sababu niliona pande zote mbili zinamjibu kabla ya kumuuliza. La kwanza la kuulizwa ni kama kweli alizidi. La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni alichonacho mkononi cha kuonyesha. Kesi hizi mtu huzishinda au huzipoteza katika zile dakika chache ambazo gari imesimama pembezoni, na dereva wetu wengi dakika hizo huzimaliza kwa kubembeleza au kwa kupandisha sauti.

Kabla ya yote tusichanganye sheria. Maneno mengi yanayozunguka kwenye simu zetu kuhusu faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000 yanatoka Bara, ambako inatumika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Huku kwetu kuna Sheria ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Polisi ni jambo la Muungano, sheria ya barabarani si ya Muungano, kwa hiyo askari wa jeshi lile lile anatumia sheria moja akiwa Kibaha na nyingine akiwa Kitogani. Mtu anayekwenda kujitetea mahakama ya Mwanakwerekwe kwa kifungu alichokisikia kwa wakili wa Dar es Salaam anajiumiza mwenyewe. Aanze na kifungu kilichoandikwa kwenye karatasi yake, akisome katika sheria ya Zanzibar, aone hasa anashitakiwa kwa nini.

Nawapa wazee haki yao, na haki yao ni kubwa. Barabara zetu zinapita mlangoni pa watu. Ukitoka Tunguu kuelekea kusini, sehemu nyingi hakuna njia ya waenda kwa miguu. Ukingo wa lami ndio njia ya mwenye baskeli, ya mama mwenye ndoo, na ya watoto wanaotoka skuli mchana na kurudi tena alasiri wakienda chuoni na juzuu zao kifuani. Pale Jozani yaliwekwa matuta kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa, na wanyama hao hawapatikani popote duniani ila hapa Zanzibar. Mtoto wa Kitogani naye hana mwengine wa kushika nafasi yake.

Nimefanya hesabu hii ubaoni mara nyingi. Gari ikiwa spidi 50 inakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Ikiwa 78 inakwenda karibu mita 22. Dereva akishtuka, sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa hiyo yule wa 78 ameshakula mita nane zaidi kabla hata hajaanza kupunguza. Na nguvu ya mgongano haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba wake: 78 ina nguvu karibu mara mbili na nusu ya 50. Faida ya haraka hiyo yote ni nini? Katika kilomita 10 anaokoa dakika nne na kidogo. Mtu aliyezidi, na moyoni anajua kuwa alizidi, mimi nasema alipe. Sioni fahari yoyote ya kumpotezea hakimu muda ili kutafuta upenyo.

Kuna na gharama, na wanaosema "nenda mahakamani" hawaizungumzi. Kesi inatajwa, inaahirishwa, shahidi hakufika, inapangiwa siku nyingine. Kwa mwenye mshahara huo ni usumbufu. Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari kila jioni, kila siku ya mahakama ni siku ya njaa, na tajiri hapunguzi hesabu kwa sababu dereva alikuwa anatafuta haki. Chukua na mtu wa Unguja aliyeandikiwa Pemba, baina ya Chake na Wete. Kila tarehe ya kesi ni nauli ya boti kwenda na kurudi, na pengine na kulala. Ukiweka wakili juu yake, faini inakuwa ndiyo ndogo kuliko vyote. Kwa watu wengi haki hii iko mbali kwa bei kabla ya kuwa mbali kwa sheria, na hilo linaniuma, kwa sababu linamfanya hata asiye na kosa alipe kimya kimya.

Hapo ndipo ninapokwenda na vijana. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinamlinda mshitakiwa: hahesabiwi mkosa mpaka ithibitike. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni upande wa mashtaka. Na chombo chochote cha kupimia, hata kile cha maabara ya skuli yangu, kinastahili kuulizwa maswali: kilihakikiwa lini, anayekishika alifundishwa, kilielekezwa wapi. Kuuliza hivyo si kumdharau afande. Ikiwa kila mtu atalipa bila ya kuuliza, hata askari mwaminifu hatojua siku tochi yake ilipoanza kukosea.

Tochi zenyewe si za aina moja. Ya rada inatuma mawimbi yanayotanuka kadiri yanavyokwenda mbali. Kwenye mita 300 yanaweza kufunika upana wa mita kwa makumi, na ndani ya upana huo kuna gari zaidi ya moja. Gari kubwa iliyo nyuma inaweza kurudisha mwangwi wenye nguvu kuliko ndogo iliyo mbele. Ya leza ni nyembamba, kwa masafa yale yale doa lake halizidi sana mita moja, kwa hiyo ni shida kudai kuwa imekuchanganya na mwengine. Zenye kamera huhifadhi picha ya gari pamoja na spidi, saa na masafa. Kwa hiyo mtu anayesema "tochi ilikosea" bila ya kujua ni tochi ipi hajasema kitu bado.

Shemeji alikumbuka kwamba muda mfupi kabla ya kusimamishwa kulikuwa na Coaster nyuma yake iliyokuwa ikitaka kumpita. Hiyo ni hoja ya kweli ikiwa tochi ilikuwa ya rada, na ni hoja hafifu ikiwa ilikuwa ya leza. Nikamuuliza ilikuwa ipi. Hajui. Alioneshwa ile 78 kwenye kioo? Hakuomba kuiona. Ilikuwa saa ngapi hasa? "Kama saa nne na kitu." Alikuwa umbali gani na askari? Akanyamaza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Kulikuwa na hoja nyengine barazani ambazo naona zingemvunja. Mmoja alisema askari alisimama pembeni chini ya mwembe, kwa hiyo kipimo kilikuwa cha upande na hakifai. Ni kweli kwamba pembe inabadilisha kipimo, lakini kwa tochi iliyosimama inakipunguza: gari ya 80 ikipimwa kwa pembe ya nyuzi 20 inasomeka 75. Pembe inamsaidia dereva. Mwengine alisema askari kujificha ni kosa. Kujificha kunaudhi, na mimi pia ningependa waonekane ili watu wapunguze mapema, lakini hakubadilishi mwendo wa gari yako. Wa tatu aliona herufi moja ya namba ya gari imeandikwa vibaya, akafurahi kama aliyeokota pesa. Makosa ya namna hiyo huweza kurekebishwa kwenye hati ya mashtaka, na hakimu hatoifuta kesi kwa sababu ya mkono wa mwandishi.

Kibao ni habari nyengine. Kama hakipo, kimeanguka au kimefunikwa na majani ya mkungu, hiyo ni hoja nzito, lakini ipigwe picha siku ile ile, kwa kuwa majani hukatwa na vibao hurudishwa. Shemeji alirudi kesho yake akakikuta kibao wazi, kinang'ara.

Njia ya tatu ilitajwa kwa sauti ya chini, ile ya "kumalizana pale pale". Sikuipa nafasi na siipi hapa. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na tuna mamlaka yetu ya kupambana na rushwa, ZAECA, kwa mambo hayo hayo. Na mtu aliyetoa hana tena mdomo wa kulalamika kuwa ameonewa.

Basi afanye nini aliyesimamishwa na anaamini hakuzidi? Apunguze sauti kwanza. Aseme: "Afande, naomba kuiona hiyo spidi, na saa yake, na kama kuna picha ya gari." Asilazimishe akikataliwa, kukataliwa nako kuandikwe. Aandike kwenye simu saa, mahali, alama ya karibu kama duka au msikiti, gari zilizokuwa mbele na nyuma, na aina ya tochi kama alivyoiona. Ajue jina au namba ya askari kutoka kwenye ile karatasi. Abiria aliye tayari kusema alichokiona, achukue namba yake ya simu. Kisha ndani ya siku zilizoandikwa aamue, asiiache karatasi ikae kwenye dashibodi mpaka ipauke, maana kutolipa na kutokwenda mahakamani hakumtoi kwenye kosa lolote. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kipo Unguja na kipo Pemba, au amuone msaidizi wa sheria wa karibu yake.

Tukarudi kwa shemeji. Noah ina kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na tajiri. Asubuhi yake tuliomba kumbukumbu za siku ile, na kwa dakika zile kifaa kiliandika 59. Akaruka kwa furaha: 59 si 78! Nikamwambia apunguze furaha. Kifaa kile kinaandika kila baada ya nusu dakika, na ndani ya nusu dakika gari inaweza kupanda na kushuka. Tena 59 si 50. Hata ile 55 aliyoiapia si 50. Tokea usiku wa kwanza, kiapo chake mwenyewe kilikuwa kinakubali kosa, na barazani hakuna aliyelisikia hilo kwa sababu sote tulikuwa tunashindana juu ya 78.

Lililobaki lilikuwa ni kiasi alichozidi. Angeweza kwenda kwa hakimu, akakiri kuwa alizidi, kisha akaomba kumbukumbu ile iangaliwe kabla ya kupewa adhabu. Ni njia ya heshima na watu wachache huifikiria. Lakini inataka uangalifu: mtu akikiri halafu akaongeza "lakini" inayokataa kosa lenyewe, hakimu ataandika kuwa amekana, na kesi itaanza kusikilizwa upya kabisa. Shemeji alipiga hesabu za siku atakazopoteza msimu huu wa wageni, akaona tofauti ya 59 na 78 haimlipi.

Ilinibakia mimi suala la mshale. Spidi ya kwenye dashibodi hutengenezwa isionyeshe chini ya mwendo wa kweli. Mara nyingi hutia chumvi kidogo. Iweje mshale useme 55 na kifaa kiseme 59? Tuliinama pamoja kwenye mlango wa dereva tukasoma kibati cha saizi ya mipira, kisha tukasoma mipira yenyewe. Haikulingana. Mwenye gari wa kabla aliweka mikubwa zaidi ili ipande njia za mawe za Matemwe, na mpira mkubwa unakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko huku mshale ukihesabu kama zamani. Miezi yote hii shemeji amekuwa akiamini yumo ndani ya kibao, na hakuwamo.

Jumatatu alilipa, akaibana risiti pamoja na ile karatasi kwenye daftari lake la safari. Jumanne alifika kwa fundi wa mipira Mwanakwerekwe kabla ya saa moja asubuhi, akiwa ameandika saizi ya kibati kwenye kiganja cha mkono.