Mjomba, hapa ni kujumlisha au kutoa?

Juzi usiku nimekaa na mtoto wa dada yangu, yuko la nne shule ya Kayumba, ana homuweki ya hesabu za mafumbo. Swali lenyewe ni Mama Asha ana mayai 48, akauza trei moja, yaliyobaki akawagawia wanawe watatu sawa kwa sawa, kila mmoja kapata mangapi? Dogo hata hajamaliza mstari wa kwanza ananiangalia usoni, "Mjomba, hapa ni kujumlisha au kutoa?"

Nikamwambia soma kwanza. Akasoma, tena vizuri tu, hakwami popote, kwenye nukta anapumzika. Namuuliza mayai yalikuwa mangapi mwanzoni, anarudi kuchungulia daftari. Trei ni mayai mangapi? Hiyo kajibu fasta, thelathini, si kila siku anatumwa dukani. Basi nikalifunga daftari, nikamwambia hebu nipe umbea, huyu mama kafanya nini? Akaanza kusimulia, kafika katikati akacheka, "Aah, kumbe sita!" Kalamu hata hajaigusa.

Sasa mimi naona hiki ndo kitu cha kwanza mtoto atoke nacho shule ya msingi, asome kitu, akielewe, akisimulie kwa maneno yake, hayo mengine yatajipanga. Tulipoletewa mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) 2015 kwa la kwanza na la pili nilishangilia kweli, maana 2012 tulishasikia aibu ya watoto waliofika fomu wani hawajui kusoma wala kuandika. Lakini kusoma kwa sauti siyo kuelewa, na la saba tangu hiyohiyo 2012 wanashedi majibu kwenye fomu za OMR, zile zinazosahihishwa na mashine, na siku hizi hata ukiweka maswali machache ya kuandika bado mengi ni ya kuchagua, kwa hiyo mtoto asiyeelewa anapiga zake ana ana ana do na anaweza kupata.

Kingine kinachoniudhi ni ule ujanja wa kukariri maneno, eti ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "baki" toa. Siwalaumu sana walimu, ukiwa na watoto themanini kwenye chumba kimoja na mtihani uko mlangoni utatafuta tu njia ya mkato. Ila nilimjaribu dogo, Mama Asha kauza mayai 30 kabakiwa na 18, alikuwa na mangapi? Kaona "kabakiwa", katoa, kaandika 12 na mstari chini mara mbili. Nikamuuliza, mtu mwenye mayai kumi na mbili anauzaje thelathini? Kimya. Halafu akafuta kwa kidole na mate.

Najua kuna watakaosema dunia imebadilika, wafundishwe kompyuta na Kiingereza tangu chekechea. Wafundishwe, nani kakataa, lakini asiyeelewa mayai ya Mama Asha kwa Kiswahili chake ukimletea kwa Kiingereza umemsaidia nini?

Kwa hiyo kwetu saa hizi hakuna kushika kalamu kabla hujasimulia. Jana lilikuja la mchele kilo mbili na robo kwenye vifuko vya robo robo, na mimi mwenyewe ilibidi nilisome mara mbili.