Ganzi ya mguu: penye upungufu ndipo ultrasaundi inapohitajika zaidi

Mtu aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda akifikishwa hospitali ya Maweni, Kigoma, kinachomtesa ni kule kugeuzwa, kuvutwa mguu na kupigwa eksrei. Sindano ya ganzi kwenye neva ya kinena humtuliza kwa saa kadhaa bila kumlaza usingizi. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama sindano iongozwe na ultrasaundi au vidole vya mtaalamu.

Wanaotetea vidole hawabahatishi. Mtaalamu hupima kutoka mfupa wa nyonga hadi wa kinena, hudunga upande wa nje, mbali na mishipa mikubwa ya damu, akisikilizia sindano ipenye matabaka mawili ya utando. Njia hiyo haihitaji umeme, wala mgonjwa hangoji mashine iliyoshikwa na foleni ya wajawazito. Kumwacha mtu alie kwa maumivu kwa sababu mashine haijafika ni ukatili, na hapo nawaunga mkono.

Ila wao huishia kwenye swali la kama ganzi itashika. Swali zito zaidi ni dawa inakwenda wapi, na kiasi gani. Bupivakeini, dawa ya ganzi, ikizidi kwenye damu huleta degedege, hata moyo kusimama. Kikomo chake cha kawaida ni takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 50 ni miligramu 100, yaani mililita 20 za dawa ya asilimia 0.5. Mwaka 1998 madaktari wa Vienna walilinganisha mililita 20 kwa msaada wa picha ya ultrasaundi na mililita 20 au 30 kwa kifaa cha kushtua neva kwa umeme, bila picha, wakahitimisha kuwa picha inaruhusu dawa ipunguzwe. Zile 30, kwa mtu wetu wa kilo 50, ni miligramu 150. Unaweza kuizimua dawa ili upate ujazo, na wengi hufanya hivyo, lakini bado huoni ncha ya sindano iko wapi.

Takwimu za Australia na New Zealand zilizotolewa mwaka 2013 zilihesabu ganzi za neva 25,336. Sumu ya dawa ilitokea mara 22. Haifiki 1 kwa kila 1,000. Mpinzani atauliza: kwa hatari ndogo hivyo, mashine ya nini? Mimi naisoma kinyume. Hesabu hiyo ni ya nchi zenye monita, wataalamu na yale mafuta ya asilimia 20 yanayodungwa mshipani kuokoa moyo. Hata huko, ultrasaundi ilihusishwa na hatari ndogo zaidi. Hospitali ya wilaya isiyo na mafuta hayo kabatini itamwokoa nani, na kwa kitu gani? Kwake, kuzuia ndiyo tiba yenyewe.

Haijathibitika kwamba picha hupunguza majeraha ya neva, ambayo ni nadra kwa njia zote. Na kwa mfupa uliovunjika chini ya goti, hofu ya wapasuaji kwamba ganzi itaficha maumivu ya misuli iliyobanwa na uvimbe haiondolewi na mashine yoyote.

Tena kikwazo si lazima kiwe mashine. Kile kichwa cha mashine kilichopinda, cha kutazamia mimba, hakionyeshi vizuri neva iliyo karibu na ngozi. Kinatakiwa kilichonyooka, cha masafa ya juu. Anayejaza fomu ya kuagiza ultrasaundi ya wodi ya wazazi akiongeze humo, na mtaalamu wa usingizi awekwe kwenye orodha ya mafunzo.