Upepo unaovuja Lubumbashi: tununue kifaa au tupake sabuni?

Umeme ukikatika mtaani Kampemba, jenereta huwashwa na kompresa huendelea kubana upepo kwa dizeli. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye shinikizo la baa 7 hupoteza lita kama 10 za hewa kila sekunde. Kuzirudisha kunakula zaidi ya kilowati 3, hata usiku ambapo hakuna anayefanya kazi. Kwa hiyo hoja ya kununua kifaa cha altrasoniki cha kutafutia mivujo ina uzito mjini kwetu.

Na kifaa chenyewe kinafaa. Hewa ikipenya tundu jembamba huvurugika na kutoa mawimbi ya sauti. Yale ya karibu kilohezi 40 hayasikiki, maana sikio la mtu hukomea 20. Kifaa huyanasa na kuyageuza kuwa mlio kwenye hedifoni. Kwa kuwa hayatawanyiki ovyo, fundi hukielekeza kifaa huku na kule mpaka akifikie kiungio chenyewe, hata kinu cha kusaga mawe kikinguruma pembeni, hata bomba likiwa juu chini ya dari. Sabuni, inayopakwa kwenye viungio ili mapovu yaonyeshe mvujo, haifiki huko.

Lakini sabuni haina bei ya kutisha, na saa ya mkononi nayo ni kipimo. Jumapili, zima mashine zote, acha kompresa peke yake. Ikibana dakika 3 na kupumzika 7, asilimia 30 ya uwezo wake inavuja. Kwa karakana ya mtaa wa Katuba yenye kompresa moja na mipira michache ya kupitishia hewa, sioni sababu ya kununua zaidi ya hapo. Kiwanda chenye mamia ya mita za bomba ni habari nyingine.

Linalonikera ni hili: niliwahi kuingia kiwanda ambamo vibandiko vya kuonyesha mivujo vilikuwa vimefunikwa na vumbi. Mivujo ilitafutwa, ikapatikana, ikaachwa, kwa kukosa sili (vizibo vya kwenye maungio) na viungio vya kubadilisha. Tena hata ukiziba, shinikizo hupanda na matundu yaliyobaki huvuja kwa nguvu zaidi, usipopunguza shinikizo la kompresa. Kila baa 1 unayoshusha huokoa karibu asilimia 7 ya nishati. Basi mkurugenzi anayeletewa ankara ya kifaa aulize kwanza kama kuna fungu la sili, na ni fundi gani atapewa saa za kuzifunga.