Mkokoteni, Medali na Kibali

Kila nikiitazama Borom Sarret, filamu fupi ya mwaka 1963 ya Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, roho inaniuma palepale. Mwenye mkokoteni wa farasi anaingia Plateau, mtaa wa wakubwa jijini Dakar, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamsimamisha. Medali yake ya kijeshi inaanguka, anainama aiokote, kumbe kiatu cha askari kimeshaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa, na yeye anarudi nyumbani na farasi wake, mfukoni hana kitu.

Nikikiona kiatu kile nawakumbuka Waafrika waliotangulia kushika kamera. Mwaka 1934 Ufaransa ilitoa amri iliyobaki na jina la waziri wake wa makoloni, Pierre Laval: ni marufuku kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika bila kibali cha gavana, na muswada wa filamu ukaguliwe kwanza. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo katika Benin ya leo, alisomea filamu Paris na akahitimu. Alipotaka kwenda kupiga picha Afrika, akanyimwa kibali. Basi mwaka 1955 yeye na wenzake wakatengeneza Afrique-sur-Seine hukohuko Paris, kuhusu maisha ya Waafrika waliokuwa wakiishi mjini humo. Ujuzi anao, wenzake anao, ila kwao haruhusiwi kupiga picha!

Nalishikilia hili kwa sababu bado nasikia watu wakisema tulichelewa kwenye filamu kwa kukosa ujuzi na fedha. Fedha zilikuwa haba, sikatai. Lakini mtu aliyefungiwa mlango hajachelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uhuru ulipokuja, kibali hakikuondoka. Mwaka 1977 Sembène alitoa Ceddo, filamu yenye wanakijiji wanaokataa kusilimishwa kwa nguvu huku mfanyabiashara wa watumwa akiwa papo hapo kijijini. Serikali ya Léopold Senghor, rais wa Senegal, ikaifungia. Sababu iliyotajwa? Tahajia. Eti kwa kanuni za serikali za kuandika Kiwolofu, jina hilo lilipaswa kuwa na d moja. Mimi siamini hata kidogo kwamba tatizo lilikuwa herufi, na inanisikitisha kwamba aliyekuwa Ikulu alikuwa mshairi.

Sembène alikataa kuifuta d yake. Filamu ikaonyeshwa nchi za nje, na Wasenegali, ambao lugha yao ndiyo inayosikika humo, wakasubiri mpaka Senghor alipotoka madarakani.