"Ulikuwa kambi gani?"

Wapo wanaosema Wamarekani wenye asili ya Japani walishapona zamani, na hoja yao si ya kubezwa. Watu wapatao 120,000 waliotiwa kizuizini kambini, Marekani ikiwa vitani na Japani, kufuatia amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942 walirudi uraiani, wakaanza upya, wakasomesha watoto. Mwaka 1988 serikali iliwaomba radhi na kuamua kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Wenyewe wana neno lao, gaman: kuvumilia bila kulalama. Anayewaita wote wagonjwa anawavunjia heshima.

Lakini kuvumilia si kupona.

Mwaka 1981 tume ya serikali ilizunguka mijini kusikiliza ushahidi, na waliojitokeza walizidi 750. Kutoka 1942 hadi 1981 ni miaka 39. Miaka 39! Wengi walikuwa hawajawahi kuyasema hayo hata mezani kwao. Watu wazima walianza vizuri kusoma karatasi zao, mara sauti ikakatika, machozi yakawatoka, na watoto wao wakayasikia yale mambo kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo walichosikia ni wazazi wakiulizana na wenzao, "Ulikuwa kambi gani?" Baadhi wakadhani ni kambi za likizo.

Kumbe mzazi alikuwa anaficha banda la farasi. Kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Tanforan, California, familia zililazwa vibandani mlimopakwa chokaa harakaharaka, na harufu ya samadi haikutoka. Kila mtu alifika na kipande cha karatasi kifuani chenye namba ya familia. Aliyeadhibiwa bila kosa hulitafuta kosa ndani yake, na asipoliona huona aibu badala ya hasira. Naamini ndiyo maana walinyamaza.

Kimya hicho kikarithiwa. Mwanasaikolojia Donna Nagata aliwachunguza watoto wa waliofungwa, akakuta imani yao kwamba haki zao Marekani ziko salama ni ndogo kuliko ya wenzao ambao wazazi wao hawakufungwa. Hawa hawakuiona kambi kwa macho. Nani basi aseme yamekwisha?

Hundi za kwanza za zile dola 20,000 zilitoka Oktoba 1990, zikianzia kwa wakongwe. Wengi wa wahamiaji wa kwanza, waliopoteza mashamba na maduka wakiwa tayari watu wa makamo, walikuwa wameshazikwa.