Kisima cha Jirani na Ghorofa ya Kanisa Letu

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, mzee wa kanisa alituomba tuwaombee "wanaoipinga kazi ya Mungu." Alikuwa akiwasema majirani zetu hapa Barani, Malindi, waliotia saini barua ya kupinga ghorofa tunayotaka kujenga. Nilikuwa nimesimama na wenzangu wa kwaya, na wimbo uliofuata sikuweza kuuimba. Mmoja wa hao tulioambiwa tuwaombee ndiye mwenye kisima nilichoteka maji alfajiri ile ile.

Nimesali hapa tangu kanisa likiwa banda la makuti. Siku tuliyomwaga zege la sakafu bomba lilikuwa kavu, tukateka kwa mama huyo kutwa nzima, ndoo baada ya ndoo, na hakutaka hata shilingi. Ni Mwislamu, na jioni alituletea chai ya tangawizi na mahamri. Wazee wa kamati ya ujenzi wanaijua habari hii, kwa sababu waliyanywa maji hayo.

Nafasi tunaihitaji kweli. Watoto wa shule ya Jumapili husomea chini ya mwarobaini, na ibada ya pili watu hukaa nje juani. Harambee ikiitishwa nitatoa. Ninachokikataa ni mchoro huu, na zaidi ya mchoro, jinsi tunavyowasema waliouhoji.

Barua yao nimeisoma mara mbili. Haina neno lolote juu ya imani yetu. Kanisani tumeambiwa kwamba tangu Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa kule msituni, kila kanisa Malindi limekuwa la kushukiwa. Uchungu wa kutazamwa kwa jicho lile naujua, nimetazamwa hivyo sokoni. Lakini Shakahola haimo kwenye barua. Iliyomo ni habari ya kisima, madirisha na upepo.

Nianze na kisima. Mji wetu hauna mabomba ya kupeleka maji taka, kila nyumba ina shimo lake. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo, na kinachomwagwa huku huenda kikatokea kule. Maji ya bomba yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na yakikatika mtaa wote unarudi visimani. Sasa mchoro wetu una vyoo vinane na shimo moja kubwa, nalo limewekwa kona ile ya kiwanja inayopakana na kisima. Nilikwenda nikapima kwa miguu yangu: hatua kumi na sita. Watu wa afya husema shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisimani. Kipindupindu hakiulizi nani anasali wapi, na sisi wenyewe tunakunywa hapo.

Halafu madirisha. Asiyekulia Pwani anaweza kuliona hili dogo. Nyumba ya Kiswahili huupa mtaa mgongo, maisha yake yako uwani. Uwani ndiko mwanamke anakofua, anakosukwa nywele, anakomwogesha mtoto, akiwa na leso moja tu na kichwa wazi, kwa sababu hapo hakuna jicho la mtu. Mchoro wetu una madirisha sita na ngazi ya nje vinavyotazama moja kwa moja uwani kwa mama yule. Siku ghorofa ikiisha, itabidi avae buibui kwenda kuanika nguo zake. Amekaa nyumba ile tangu alipoolewa. Mimi ni Mkristo, na nisingekubali kuvuliwa stara namna hiyo nyumbani kwangu na mtu yeyote, hata awe amebeba Biblia.

Upepo nao wanaulalamikia: ukuta mrefu ule utawazibia kusi, na nyumba za mabati bila upepo ni tanuri. Ni kweli.

Kamati yetu hupenda kuutaja Kifungu cha 32 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa kuabudu. Ni kifungu chetu sote, na msikiti ulio nyuma yetu unalindwa nacho vilevile. Ila Katiba hiyo hiyo ina Kifungu cha 42, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka umma ujulishwe kuhusu ujenzi unaokusudiwa. Sisi notisi yetu tuliibandika ndani ya geti, mahali panapoonwa na waumini peke yao. Hilo linaniuma kuliko mengine yote. Tulijua watauliza, tukaamua wasijue.

Kila nikipita karibu na nguzo ya Vasco da Gama nakumbuka ninayosimuliwa juu yake. Wareno walipofika hapa mwaka 1498 walipokewa vizuri, na inasemekana nguzo yao yenye msalaba ilisimamishwa kwanza karibu na nyumba ya sultani. Watu wa mji hawakupendezwa, ikaondolewa. Msalaba haukuvunjwa, ulihifadhiwa, na baadaye nguzo ikasimamishwa mahali pengine. Leo ipo rasini, juu ya bahari, na watu hutoka mbali kuja kuiona.

Sisi hatuombwi hata kuhama. Shimo lihamishiwe upande wa barabarani, liwe tangi lililozibwa, linyonywe na lori likijaa. Ngazi iingie ndani. Madirisha ya upande ule yainuliwe juu ya kichwa cha mtu, mwanga na hewa vitapita bado. Nilipoyasema haya kwenye kikao nilijibiwa kuwa mchoro umeshalipiwa. Tumelipia karatasi, basi tuharibu kisima?

Jumamosi hii, mimi na kina mama wawili wa kwaya tutakwenda kwa jirani na nakala ya mchoro. Tutamwamkia, tutaukunjua barazani kwake, tumwombe atuonyeshe kwa kidole kila panapomuumiza, tuandike. Karatasi hiyo nitaisoma mbele ya kamati, jina langu likiwa chini yake. Na ndoo nitaibeba, maana bomba halijatoa maji tangu Jumatano.