Chama Kilibaki na Mhuri, Mji Ukaondoka

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma Perak, jimbo la Malaysia, mwenzetu mmoja aliyerudi Ipoh, mji mkuu wa jimbo lile, kutembea alirusha picha za ile bustani kubwa ya mjini. Mnaikumbuka: miti mikubwa, bustani ya Kijapani, bwawa la samaki, wazee wakinyoosha viungo alfajiri. Picha ya mwisho ilikuwa ya kibao chenye jina la D. R. Seenivasagam. Akauliza, "Huyu Dk. Seenivasagam alikuwa daktari wa nini?" Mmoja akajibu wa meno. Mwingine akasema labda tajiri wa mashamba ya mpira. Tuko arobaini na kitu kwenye kundi lile, kila mmoja amekula miaka minne Perak, na hakuna aliyejua.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikaanza kuandika jibu, likawa refu, nikalifuta, nikaja kuliandika hapa: habari ya mtu huyo na chama chake, PPP.

Hakuwa daktari. D. R. ni Darma Raja. Alikuwa wakili, Mtamil wa asili ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), na mwaka 1953 yeye na kaka yake, S. P. Seenivasagam, wakili pia, walianzisha chama pale Ipoh. Kilianza kwa jina la Perak Progressive Party, kisha herufi ya kwanza ikageuzwa maana, Perak ikawa People's, wakabaki na PPP yao. Chama cha mawakili wawili wa Kitamil, na wapigakura wake wengi walikuwa Wachina wa bonde la Kinta: wachimba bati, wachuuzi, watu wa vile vijiji vipya ambako Waingereza waliwahamishia kwa nguvu wakati wa vita na Wakomunisti. Vijiji vya seng'enge, na lango linafungwa usiku.

Mimi haya niliyajua kwa mwenye nyumba wangu, mzee wa Kihakka, yaani Mchina wa jamii ya Wahakka, aliyezaliwa kwenye kijiji kimoja cha namna hiyo. Nilimwita Anko kama kila mtu anavyomwita mzee kule. Jioni alikuwa akikaa uani na kahawa yake nyeupe kwenye kikombe kinene, na ukimtajia siasa za leo anakunja uso, lakini ukimtajia ndugu wawili hao anavuta kiti karibu. "Baba yangu hakujua Kiingereza wala Kitamil," aliwahi kuniambia. "Lakini aliamini yule Mtamil anamjua yeye."

Hebu fikirini hilo. Malaya (Malaysia ya leo) ya miaka ya hamsini, ambako vyama vimegawanywa kwa kabila: UMNO ni ya Wamalay, MCA ya Wachina, MIC ya Wahindi, kila mtu kwenye chumba chake na mlango umefungwa. Hapo Ipoh mchimba bati wa Kichina anampa kura Mtamil, na ampaye kura hajioni kama amefanya la ajabu. D. R. aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa 1957. Mwaka 1959 PPP ikapata viti vinne vya bunge, vyote vya huko huko Perak. Halmashauri ya mji wa Ipoh ikawa yao.

Na bungeni D. R. hakwenda kupiga makofi. Katikati ya miaka ya sitini alimtuhumu Waziri wa Elimu wa nchi, Abdul Rahman Talib, kwa rushwa. Waziri akamtaka ayarudie maneno yale nje, mahali ambapo hakuna kinga ya bunge. Akayarudia. Waziri akamshtaki kwa kumchafulia jina, na akashindwa. Akajiuzulu uwaziri. Mbunge wa chama cha wilaya moja tu alimwangusha waziri wa serikali kwa kusema jambo, kulisimamia na kulishinda mahakamani. Kila nikiisoma habari hiyo najisikia kusimama.

D. R. alifariki Machi 1969, hajafika hata miaka hamsini. Miezi miwili baadaye ulikuwa uchaguzi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu kila anayeandika juu ya PPP huanza na ugomvi wa uongozi wa 2018, au ule wa 2009, anakuletea majina ya waliofukuzana, anacheka, anamaliza. Mimi naona ugomvi wote ule ni moshi. Moto uliwashwa mapema zaidi.

Mei 1969, bila D. R., PPP ilipata viti vinne vya bunge tena, na kwenye baraza la jimbo la Perak lenye viti 40 ikapata 12. Vyama vingine vya upinzani: DAP ilipata sita, Gerakan viwili, PAS kimoja. Muungano uliokuwa ukitawala, yaani UMNO, MCA na MIC pamoja, ulipata 19. Jumlisheni wenyewe: upinzani ulikuwa na 21. Jimbo zima la Perak lilikuwa limeteleza mkononi mwa serikali, na chama kikubwa kuliko vyote vya upinzani humo kilikuwa chama cha ndugu hawa. Halafu ikaja Mei 13, siku ya ghasia za Wamalay na Wachina. Kuala Lumpur ikawaka, damu ikamwagika, hali ya hatari ikatangazwa, bunge likafungwa hadi Februari 1971. Upinzani haukuunda serikali Perak.

S. P., aliyebaki peke yake na chama, mwaka 1972 alikubaliana na Muungano kutawala pamoja Perak. PPP ikabaki na halmashauri ya Ipoh. Mwaka 1974 Barisan Nasional, muungano mpana zaidi uliochukua nafasi ya ule wa zamani, ilipoundwa, PPP ikawa ndani tangu siku ya kwanza.

Nitampa haki yake, japo kwa shida. Aliona watu wamekufa. Alikuwa amezika mdogo wake. Mji ulihitaji mifereji, taa na leseni za maduka, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Mtu aliyekaa kwenye kiti kile mwaka ule huenda angefanya vilevile, na mimi ninayeandika kwenye meza yangu salama sina la kumfundisha ujasiri. Lakini wapigakura wake hawakuwa wameombwa. Walikuwa wamepiga kura dhidi ya Muungano mwaka 1969, na sasa wakaambiwa kura ile ile imehamia kwa Muungano. Uchaguzi wa 1974 walijibu. DAP ilikifagia chama Ipoh, S. P. mwenyewe akapoteza kiti. Mwaka uliofuata akafariki.

Tangu siku hiyo PPP ilibaki na kitu kimoja tu cha kugombaniwa: nafasi yake mezani Barisan. Hii ndiyo hoja yangu yote. Chama chenye wapigakura wake kikigombana, mwisho wa ugomvi unajulikana, kwa sababu kila upande unajua lazima urudi kwa watu na watu wataamua. Chama kisicho na wapigakura kinapata kiti kwa kupewa. Anayetoa ni mwenye muungano, na anampa rais wa chama. Kwa hiyo urais wa chama unakuwa ndio chama chenyewe. Mwenye mhuri na barua ya msajili wa vyama ndiye anayeitwa kwenye kikao, ndiye anayepeleka jina la seneta, ndiye anayepata unaibu waziri. Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu atapigania mhuri, tena kwa meno. Hakuna haja ya kudhani walikuwa watu wabaya kuliko wengine.

Soma historia yao ya baadaye kwa jicho hilo na kila kitu kinakaa mahali pake. Miaka ya themanini viongozi walipishana, S. I. Rajah, Paramjit Singh, Mak Hon Kam, na uchaguzi baada ya uchaguzi bungeni hakuna kiti hata kimoja. Mwaka 1993 akaja M. Kayveas. Alikaa robo karne. Lazima niseme, alikipa chama uhai wa mwili: matawi, mikutano, wanachama, sauti kwenye magazeti. Mwaka 2004 alishinda Taiping, kiti pekee cha bunge PPP ilichopata kwa miongo mingi. Mwaka 2008 DAP ikakichukua.

Mwaka 2009 T. Murugiah, seneta wa chama hicho hicho na naibu waziri katika ofisi ya Waziri Mkuu, aliitisha mkutano wa dharura na kudai yeye sasa ndiye rais. Kukawa na marais wawili. Msajili wa Jumuiya, anayesajili vyama, akamtambua Kayveas. Murugiah mwishowe akahamia MIC, na kelele zikatulia. Mwenye barua alishinda.

Halafu Cameron Highlands, jimbo la uchaguzi la milimani. Kayveas alikitaka kiti kile, akaenda kule miaka, akafungua huduma, akashikana mikono na wakulima wa mboga na chai. Kiti kilikuwa cha MIC kwa mgawo wa Barisan na MIC haikukubali kukiachia. Kukaribia uchaguzi wa Mei 2018 MIC ikapewa. Wenzake wa kamati kuu wakamgeuka, wakatangaza wamemfukuza, Maglin Dennis D'Cruz akasimama kama kiongozi mpya. Kayveas akasema hawana mamlaka hayo. PPP ikapewa kiti cha Segambut, Loga Bala Mohan akagombea, akashindwa na Hannah Yeoh wa DAP. Mei 9 Barisan ikaanguka kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Siku kumi baadaye Kayveas akatangaza kwamba PPP imetoka Barisan. Upande wa pili ukasema imo bado.

Siku zile nilikuwa Ipoh. Mji mzima ulikuwa ukizungumza juu ya serikali mpya, wageni kama sisi tulikuwa tukishangilia mambo tusiyoyajua vizuri, na chama kilichozaliwa mitaa ile kilikuwa kikibishana kama kimo au hakimo kwenye nyumba iliyokwisha bomoka. Sikumsikia mtu hata mmoja sokoni akikitaja.

Januari 14, 2019 msajili akakifuta kwa sababu ya mgogoro wa uongozi. Mwezi huo huo kukawa na uchaguzi mdogo Cameron Highlands, maana mahakama ilikuwa imebatilisha ushindi wa MIC. Barisan ikamsimamisha Ramli Mohd Nor, naye akashinda na kuwa Orang Asli, yaani mwenyeji wa asili, wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Kile kiti kilichokipasua chama kilikwenda kwa mtu wa jamii iliyokuwa kwenye milima ile kabla ya chai, kabla ya Waingereza, kabla ya vyama vyote. Katika habari yote hii hilo ndilo lililonipa furaha.

Najua mtasema jina la PPP halijafa. Ni kweli, wapo waliolibeba tena baadaye na kujiita viongozi wake, na sina ugomvi nao. Najua pia kuna watakaosema chama cha Watamil wachache kisingeweza kudumu peke yake dhidi ya DAP. Labda. Lakini wapigakura waliokwenda DAP mwaka 1974 ni wale wale waliokuwa wa D. R. mwaka 1969, na waliondoka baada ya kuachwa.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi tunavyosimulia. Tumezoea kuuliza nani kiongozi halali, nani alimfukuza nani, kikao kilikuwa na akidi au hakikuwa. Magazeti ya 2018 yalijaa hayo. Sikuona hata moja lililokwenda kwenye vijiji vile vya Kinta kuwauliza wazee waliokipigia chama kura walikiacha lini na kwa nini. Wako hai bado wachache, wanakunywa kahawa, wana kumbukumbu, na ukikaa nao nusu saa utapata historia ya siasa za Malaysia ambayo haimo kwenye barua ya msajili yeyote.

Siku habari ya kufutwa ilipotoka nilimpelekea Anko gazeti uani. Akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza aliniuliza, "Kumbe ilikuwa bado ipo?" Hakuwa akicheka. Alikunja gazeti akaliweka chini ya kikombe.

Kisha akaanza kunihadithia usiku mmoja wa kampeni, yeye akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kwenye keria ya baiskeli ya baba yake. Uwanja ulikuwa umejaa hadi barabarani. D. R. alisema kwa Kiingereza, mkalimani akageuza kwa Kichina, na watu walikuwa wakipiga makofi mara mbili: mara ya kwanza wale waliojua Kiingereza, mara ya pili wote. Anko alisinzia kabla hotuba haijaisha. Alipozinduka walikuwa njiani gizani, wakiwahi lango la kijiji, na baba yake alikuwa akikanyaga pedeli huku akiyarudia maneno ya yule wakili kwa Kihakka, kwa sauti, peke yake.